Toa Maji Kwanza, Kofia Baadaye

Utabiri ukitaja tu baridi ya kuganda, kofia za sponji za kufunika koki za nje huanza kuadimika kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dallas na Houston. Watu hubeba nne nne, wakifika nyumbani huzifunga harakaharaka huku mpira wa kumwagilia bustani ungali umekazwa kwenye koki ile ile, kisha hulala wakiamini kazi imekwisha. Kofia haina kosa. Kosa ni kuanza nayo. Bomba lisilo na maji halipasuki kwa barafu hata likikaa uchi majira yote, na bomba lililojaa maji yasiyo na pa kutokea linaweza kupasuka hata ulivike blanketi. Kwa hiyo kazi yetu itakwenda hivi: maji yatoke, yasiyoweza kutoka yapewe njia, kufunika kuje mwisho.

Nawaandikia hasa waliotoka Goma, Kigoma, Bujumbura au Kisii wakajikuta wamepanga au wamenunua nyumba Texas. Wenzetu walioko Minnesota wana baridi kali zaidi, lakini nyumba zao zilijengwa kwa kuihofia: bomba kuu la mtaa huko huzikwa futi 7 hadi 8 ardhini, na koki ya kufungia nyumba nzima kwa kawaida iko ndani, chini, penye joto. Texas ilijengwa kwa kuhofia jua. Mabomba hupitishwa darini, ndani ya ukuta wa nje, au kwenye gereji isiyo na hita, na mita ya maji imekaa kwenye kisanduku kifupi kando ya barabara. Miaka mingi hupita bila tatizo. Kisha inakuja wiki kama ile ya Februari 2021. Tarehe 16 Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, umeme ukakatika kwenye nyumba na biashara zaidi ya milioni 4, na mabomba yakaanza kupasuka ndani ya nyumba zilizokuwa baridi kama nje. Krismasi ya 2022 ikawa zamu ya Memphis na Jackson, ambako maji yaliyovuja kwenye mabomba yaliyopasuka yalishusha nguvu ya maji ya mji.

Kwetu sakitu tunaijua. Inaunguza chai Limuru na viazi Makete alfajiri, na ikifika saa nne jua limeshaiondoa. Bomba lililofukiwa shambani halina habari nayo. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza huku.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na wengi hudhani barafu ndiyo inayochana bomba pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliweka mabomba kwenye dari isiyo na kinga, wakayaacha yagande na kuyapima. Barafu hujenga kizibo sehemu moja, kisha huendelea kukua huku ikiyasukuma maji ambayo bado ni maji kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda wala hayakubali kubanwa. Nguvu yake, ambayo kwa kawaida nyumbani ni pauni 40 hadi 80 kwa inchi ya mraba, hupanda hadi maelfu, na bomba huachia penye maji, pengine mbali kabisa na barafu. Ndiyo maana fundi akija hupasua ukuta mahali ambapo hukutarajia. Watafiti hao waliona pia kwamba hatari kwa mabomba yasiyo na kinga huanza joto la nje likikaribia nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani nyuzi 7 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Usiichukue namba hiyo kama ahadi: ufa mdogo unaopitisha upepo moja kwa moja kwenye bomba unaweza kuligandisha mapema zaidi. Kwenye simu yako kuganda ni 32, na mimi nikiona 28 usiku kucha nimeshajiandaa.

Anza na mpira wa bustani. Ufungue, umwage maji yake, ukunje, uweke gereji. Kazi ya dakika mbili, na kama utafanya jambo moja tu mwaka huu, fanya hilo. Sababu yake inaonekana ukiitazama koki yenyewe vizuri.

Koki za nje ni za aina mbili. Ya kawaida ina ulimi wa kufungia maji hapo hapo nje, nyuma tu ya mdomo wake; mkono wake mara nyingi umeinama juu ya mdomo, na maji hukaa yamejaa hadi ukingoni mwa ukuta siku zote. Ya pili imetengenezwa kwa ajili ya baridi. Mkono wake umeelekezwa ukutani moja kwa moja, juu yake mara nyingi pana kifuniko kidogo cha mviringo, na nyuma yake kuna mrija mrefu unaoingia ukutani inchi 6, 8, hata 12. Ulimi wake uko mwisho wa mrija huo, ndani kwenye joto. Izungushe uifunge, halafu subiri: maji huendelea kutoka kidogo, kama mtu anayemalizia kikombe, kisha yanakatika. Hayo ndiyo maji ya mrija yanayojimwaga nje, na ndiyo siri yote ya koki hii. Lazima mrija wake uwe umeinamia nje kidogo; aliyeuelekeza ndani ametengeneza mtego.

Sasa acha mpira umefungwa kwenye koki hii nzuri. Mrija haumwagi. Maji yanabaki ndani yake, yanaganda, mrija unachanika ndani ya ukuta. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo: hutaona tone. Ulimi bado umefunga maji huko nyuma, kwa hiyo ukuta utakaa mkavu Januari, Februari, Machi. Siku ya kwanza utakapofungua koki umwagilie maua ndipo maji yatakapoingia ukutani, taratibu, kila unapomwagilia, hadi rangi ya chumbani ianze kufura. Mwenye nyumba atakuuliza ulifanya nini, na wewe utaapa kwamba hukugusa kitu.

Kama koki yako ni ya aina ya kawaida, tafuta kama kuna koki nyingine ya kuifungia kutoka ndani. Huwa kwenye gereji, chini ya sinki lililo upande wa pili wa ukuta, au kwenye chumba cha hita ya maji. Ukiipata, ifunge, toka nje ufungue koki ya nje kabisa, kisha rudi ndani na kikombe. Ubavuni mwa baadhi ya koki hizi za ndani kuna kifuniko kidogo cha shaba chenye ukubwa wa kucha. Kilegeze kwa plaisi na maji yaliyobaki yatadondoka, pengine nusu kikombe, pengine zaidi. Hewa ikiingia utasikia nje yakikoroma na kutoka. Kaza kifuniko, iache koki ya nje wazi majira yote ya baridi. Wazi, nasema. Ukiifunga umetengeneza chumba chenye milango miwili iliyokomewa, na tone likivuja kupitia ulimi mzee halitakuwa na njia.

Nyumba nyingi za Texas hazina koki hiyo ya ndani. Hapo mwombe fundi bomba akuwekee, au abadilishe koki ya nje kwa ile yenye mrija mrefu, na umwite Septemba au Oktoba, si usiku wa tahadhari wakati simu yake haipokelewi. Dallas huanza kuganda kwa wastani mwishoni mwa Novemba. Houston huchelewa kidogo.

Baada ya hapo nunua kofia, kwa raha zako. Kofia ya sponji haitengenezi joto. Inachelewesha tu kupotea kwa lile linalotoka ukutani, kwa hiyo inafaa ikikaa imebana ukuta bila mwanya, na haifai kitu ikining'inia kama kengele. Kamba yake ya ndani inapita kwenye shingo ya koki. Ivute hadi ukingo wa kofia ubonyee kidogo ukutani ndipo ukaze. Ukikosa kofia dukani, tumia mataulo ya zamani au hata khanga iliyochoka. Zungusha mara nyingi, funika yote kwa mfuko wa plastiki, kisha bandika utepe mpana. Mfuko si urembo: kitambaa kikilowa mvua au theluji ni kazi bure. Mwanya kati ya bomba na ukuta, pale linapotokea, uzibe kwa silikoni au povu la kuziba nyufa, maana upepo unaopita hapo unaishinda kofia.

Mabomba yaliyo wazi, kwenye gereji, chini ya nyumba iliyoinuliwa au kwenye kibanda cha kisima, huvikwa mikono ya sponji iliyochanwa upande mmoja. Mpasuko uelekee chini, viungo vibandikwe utepe, na kwenye kona ukate sponji mshazari ili vipande vikutane. Kilichoachwa wazi kwenye kiwiko cha bomba kinatosha kuligandisha lote. Sponji inayopigwa na jua huchakaa na kumomonyoka, kwa hiyo ile ya nje iangalie kila mwaka.

Wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika wana kazi zaidi, kwa sababu bomba lao linatoka ardhini na kupanda hewani chini ya sakafu. Hakikisha mbao au mabati ya kuzunguka chini hayajaachia popote. Bomba lile la kupandia mara nyingi huvalishwa waya wa umeme wa kupasha joto, na hapa nina tahadhari mbili. Waya wa aina ya zamani ukiuzungusha ukajikalia wenyewe unaweza kuyeyuka na kuwasha moto, kwa hiyo fuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno, na uchomeke kwenye soketi inayojikata umeme ukivuja. Pili, umeme ukikatika waya huo ni kamba tu. Mwaka 2021 umeme ulikatika wakati ule ule ulipohitajika.

Wenye mabomba ya kunyunyizia majani mara nyingi wana kifaa cha shaba cha kuzuia maji yasirudi nyuma, kile kinachotokeza juu ya ardhi kama daraja dogo lenye mikono miwili. Ni cha bei, na kwa kuwa kiko hewani kimejaa maji, ndicho hupasuka mapema. Funga maji yanayokwenda huko kwenye koki yake, mara nyingi ndani ya kisanduku karibu na mita. Kisha geuza ile mikono miwili ikae mshazari, nusu wazi, ili maji yasijifungie ndani ya tufe la koki, na kwa bisibisi ya bapa fungua vile vikoki vidogo vya ubavuni hadi maji yaishe. Viache hivyo, vika kifaa mfuko mnene wenye sufi. Kupuliza maji yote ya bustani kwa kompresa ni jambo la Minnesota zaidi kuliko la Texas, na hewa ikizidi inavunja mabomba ya plastiki, kwa hiyo mwachie anayejua.

Usiku wenyewe ukifika, kazi ya nje imekwisha na unachofanya ni cha ndani. Fungua milango ya makabati ya sinki zilizo kwenye kuta za nje ili joto la chumba liyafikie mabomba. Kama kuna watoto wadogo, dawa za kusafishia zihamishwe kwanza. Usizime hita ili kubana bili, na ukisafiri usishushe kidhibiti joto chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit. Acha bomba la ndani lililo mbali zaidi na mita lidondoke, baridi na moto kidogo kidogo. Watu hudhani kudondosha kunazuia maji yasigande. Kunasaidia kidogo, lakini faida kubwa ni kwamba koki iliyo wazi inaachia ile nguvu niliyoeleza. Barafu inaweza kuziba, lakini maji yaliyosukumwa yana pa kutokea. Tone kwa tone linatosha. Februari 2021 wakuu wa mji wa Houston waliwasihi wakazi waache kudondosha maji, kwani nguvu ya maji ilikuwa imeanguka mno. Kwa hiyo sikiliza tangazo la mji wako. Likisema usidondoshe, iliyobaki ni kufunga na kumwaga.

Hapo ndipo kila mtu nyumbani anapaswa kujua koki kuu iko wapi. Iko kwenye kisanduku chake karibu na nyumba au kwenye mita kando ya barabara, na ile ya mita huhitaji ufunguo mrefu wenye mkono kama herufi T, unaouzwa kwenye maduka hayo hayo ya vifaa. Itafute mchana wa jua. Fungua kifuniko taratibu ukitumia fimbo, nyoka na buibui hupenda humo, futa tope, na uulize idara ya maji kama unaruhusiwa kuigusa koki ya upande wao. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa kabisa, jaza kwanza ndoo na beseni la kuogea. Zima hita ya maji, funga koki kuu, kisha fungua bomba la juu kabisa na la chini kabisa ili hewa iingie na maji yashuke. Vuta choo mara moja. Nyumba iliyofungwa na kumwagwa namna hii inaweza kulala baridi bila hasara kubwa.

Ukiamka bomba halitoi kitu, si lazima liwe limepasuka. Pengine limeganda tu. Liache wazi. Tafuta sehemu yenye umande mweupe au baridi kupita kiasi, kisha pasha joto ukianzia upande wa bomba la kutolea maji kuelekea kwenye kizibo, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Kikausha nywele kinatosha, au taulo lililochovywa maji ya moto, alimradi hukanyagi maji huku umeshika umeme. Usitumie moto wa gesi wa fundi. Na hili nalisema kwa wote tuliokulia kando ya jiko la mkaa: usiliingize ndani, si kwa bomba, si kwa kuota, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa yake ya sumu haina harufu. Texas mwaka 2021 watu walikufa kwa hewa hiyo, wengine kwa mkaa, wengine kwa jenereta au gari lililoachwa likiunguruma gerejini.

Mabomba hupasuka usiku wa baridi lakini huanza kumwaga barafu inapoyeyuka, pengine siku mbili baadaye, umeshakwenda kazini. Kwa hiyo siku ya kuyeyuka, kama una njia yoyote, mtu abaki nyumbani, naye awe anajua ile koki kuu. Maji yakianza kumwagika, kwanza funga, pili piga picha, tatu piga simu.

Mpangaji asikae akisema nyumba si yake. Mpira wa bustani ni wako, ufungue. Mengine mwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe au barua pepe, mapema, umuulize koki kuu iko wapi na nani anashughulikia koki za nje, na jibu lake ulihifadhi. Bima ya nyumba aliyonayo yeye hailipi makochi yako wala kompyuta ya mtoto. Ya mpangaji hulipa, na si ghali. Kampuni nyingi hukataa dai zikiona nyumba iliachwa bila joto, hivyo ukisafiri Desemba kwenda kusalimia wazee, risiti ya bili na picha ya kidhibiti joto zina kazi.

Dallas hutoka kwenye hatari ya kuganda kwa wastani katikati ya Machi. Ukivua kofia, usikimbilie kufunga mpira. Fungua koki ya ndani robo, mwache mtu mmoja asimame ndani karibu na ukuta huo, kisha toka nje ufungue koki ya nje na uibane mdomo kwa kidole gumba. Bomba lisilopasuka huleta maji yenye nguvu ambayo gumba haliwezi kuyazuia. Ukiweza kuyazuia bila jasho, maji yanapata njia nyingine nyuma ya ukuta. Funga mara moja, muulize wa ndani amesikia nini, na mwite fundi kabla hujafungua tena.